Nyundo au bunduki ya misumari? Ulinganisho kwa anayejenga na kukarabati Mbeya, Iringa na Njombe

Kabla ya kuuliza bei ya mashine yoyote, chukua karatasi uhesabu misumari ambayo kazi yako itakula. Kisha tazama mbao utakazopigilia, halafu umeme utakaotumia. Mambo hayo matatu yanaamua mengi kuliko sifa zilizochapwa kwenye boksi. Ndiyo pia ambayo mtu huyasahau akishatazama video ya fundi wa ughaibuni anayefunga kenchi nzima kwa kubonyeza kidole tu.

Huku kwetu swali hili linamgusa karibu kila mwenye nyumba. Mufindi kuna Sao Hill, shamba la miti kubwa kuliko yote ya serikali nchini, na mbao za paina za Mafinga zinashushwa Iringa, Makambako na Mbeya zikiwa bado zinanukia utomvu. Ndiyo maana tunapigilia sana: kenchi na papi, dari, uzio wa mabanzi, mabanda ya nguruwe na kuku, shelfu za jikoni, vitanda vya watoto. Nyundo iko katika kila nyumba. Bunduki ya misumari haina ugeni kwa mafundi wa sofa, ambao siku nyingi wanatumia ndugu yake mdogo, bunduki ya hewa ya kupigia pini za kitambaa. Anayebaki njia panda ni mwenye nyumba anayetaka kujifanyia kazi zake mwenyewe, au fundi wa mtaani anayefikiria kupanua kazi.

## Vigezo vya kupimia

Nimepima vyote viwili kwa mambo sita: kazi kinachoweza kuifanya, namna kinavyoelewana na mbao za huku, nguvu inayokiendesha, kasi na uchovu wa mwili, usalama, na mwisho gharama pamoja na upatikanaji wa misumari yenyewe. Kasi sikuiweka mbele kwa makusudi. Inavutia macho, lakini mara nyingi si yenyewe inayochelewesha kazi.

Tukubaliane pia tunalinganisha nini. Nyundo ninayoisema ni ya makucha, yenye kichwa cha gramu 450 hadi 600. Bunduki ziko nyingi, ila mbili ndizo zinazomhusu mwenye nyumba. Ya kwanza ni kubwa, ya kufungia mbao nene, inayopiga misumari ya inchi 2 hadi inchi 3 na nusu. Ya pili ni ndogo, ya kumalizia, inayopiga misumari myembamba ya geji 18 (geji ni kipimo cha unene wa msumari), mirefu kufikia inchi 2 tu. Zote zinaweza kuendeshwa kwa hewa ya kompresa au kwa betri, na kubwa nyingine huendeshwa kwa kopo la gesi. Ukisikia mtu anasema tu "bunduki ya misumari", muulize kwanza ipi, kwa sababu kubwa haiwezi kazi ya ndogo, wala ndogo haiwezi kazi ya kubwa.

## Kazi inayoweza

Nyundo. Inapiga msumari wowote unaouzwa dukani, kuanzia wa inchi 1 hadi wa inchi 6. Huo ni uwezo mkubwa kuliko unavyosikika. Misumari ya bati, ile ya kofia, inapigwa kwa nyundo. Misumari ya zege ya kutundikia picha au kushikiza waya kwenye ukuta wa tofali za kuchoma, nyundo. Mbao za kufungia zege la linta pia ni kazi ya nyundo, kwa kuwa mbao hizo utazibandua baada ya siku chache: unaacha kichwa cha msumari kimechomoza kidogo, kisha makucha yanakiokota bila kuipasua mbao, nawe unaitumia tena kwenye nyumba nyingine. Nyundo pia inasogeza mbao iliyokaa vibaya, inabomoa, inanyoosha msumari uliopinda.

Bunduki. Inafanya kazi chache, ila hizo chache inazifanya vizuri mno. Kubwa inafunga fremu za mbao, sakafu za mbao, mabanda na kreti. Ndogo inapigilia mbao za dari, skatingi, kava za fremu za milango, migongo ya makabati, na kuacha tundu dogo linalozibwa kwa puti kidogo. Mbao nyembamba ambayo nyundo ingeipasua ncha, bunduki ndogo inaishika bila shida, kwa kuwa msumari wake ni mwembamba na unaingia mara moja.

Hapa kuna jambo linalowapoteza wengi. Ipo bunduki iitwayo ya kuezekea, na mtu anaweza kudhani atapigia mabati. Ile imetengenezwa kwa vigae vya lami vinavyotumika Marekani. Msumari wake ni mfupi, una kichwa bapa, na hauna mpira wala kofia ya kuzuia maji. Bati la migongo au la msauzi linataka msumari wake, upigwe juu ya mgongo wa bati na si kwenye bonde, na upigwe kwa kipimo: ukilegea maji yanaingia, ukizidisha kofia inabonyea na bati linapinda. Kipimo hicho ni cha mkono. Anayetaka kuachana na nyundo kwenye bati, mbadala wake ni skrubu za bati na drili. Jipsamu nayo ni kazi ya skrubu, isikuhangaishe katika uamuzi huu.

## Mbao za huku

Hiki ndicho kigezo ninachoona kinastahili muda mwingi zaidi, kwa sababu mbao zetu hazifanani na zile ambazo mashine nyingi zimejaribiwa juu yake.

Paina inayokua haraka ni laini. Bunduki kubwa ikiachwa kwenye nguvu ile ile iliyotoka nayo kiwandani inaweza kukizamisha kichwa cha msumari ndani ya mbao, na mbao ya inchi 1 ikabaki imeshikwa na unene mdogo tu chini ya kichwa. Inaonekana imefungwa, kumbe ukiivuta inachomoka. Bunduki nzuri ina kirekebishi cha kina karibu na mdomo. Kabla ya kuanza, piga misumari kadhaa kwenye kipande cha mbao ileile mpaka kichwa kilale sawa na uso wa mbao. Kwa nyundo tatizo hili halipo, kwa kuwa wewe ndiye unayeacha kupiga.

Mlingoti (mkaratusi) uliokauka ni habari nyingine. Ni mgumu, na msumari wa mkono hupinda usipotoboa tundu kwanza kwa drili nyembamba. Bunduki yenye nguvu inaweza kuuingiza, lakini ikikutana na kifundo msumari hugeuza njia na kutokea ubavuni mwa mbao. Nitalirudia hili kwenye usalama. Kwa mlingoti mkavu au mninga, vyote viwili vinakutaka uwe na drili.

Halafu kuna ubichi. Mbao nyingi tunazonunua zimepasuliwa juzi. Zikikauka juu ya jengo zinasinyaa, na msumari ulioshikwa na mbao mbichi unalegea. Hakuna kifaa kinachotibu jambo hili. Panga mbao kwa kuziwekea vijiti katikati ili hewa ipite, zipe wiki kadhaa chini ya kivuli, ndipo upigilie. Tofauti ndogo iliyopo ni kwamba misumari mingi ya bunduki imepakwa gundi inayoyeyuka kwa joto la msuguano na kushika mbao, na mingine ina pete pete mwilini. Inang'ang'ania kuliko msumari wa kawaida unaouzwa kwa kilo. Uzuri huo una gharama: ukikosea, kuing'oa ni kazi.

Mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, zina shaba ndani yake, na shaba hula chuma kisicho na kinga. Ukijenga uzio, banda au kibaraza kwa mbao hizo, tumia misumari iliyopakwa zinki, uwe na nyundo au bunduki. Watu wa Rungwe na Makete, ambako unyevu ni wa kutosha karibu mwaka mzima, wanalihitaji shauri hili kuliko wengine.

Na unene. Msumari wa inchi 4 unaouzwa kwa kilo una unene wa milimita 4 hivi. Misumari ya bunduki kubwa kwa kawaida ni milimita 2.9 hadi 3.3, na haifiki inchi 4. Maana yake msumari mmoja wa bunduki hauchukui mzigo wa msumari mmoja wa mkono. Fundi aliyezoea kufunga kenchi kwa misumari ya inchi 4 na 5, akihamia kwenye bunduki, asibadilishe mmoja kwa mmoja. Aongeze idadi, au maungio makubwa ayapige kwa nyundo. Makambako na upepo wake si mahali pa kubahatisha kenchi.

## Nguvu inayokiendesha

Nyundo inaendeshwa na ugali na maharage. Umeme ukikatika, kazi inaendelea. Kiwanja kipya kisicho na nguzo, nyundo haijali.

Bunduki ya hewa inataka kompresa, na kompresa inataka umeme. Bunduki nyingi za hewa hufanya kazi kati ya psi 70 na 120 (psi ni kipimo cha presha ya hewa). Bunduki ndogo inatosheka na kompresa yenye tangi dogo, hata lita 6 hadi 24. Kubwa inataka tangi la lita 24 hadi 50 na mota ya nguvu farasi 2 hivi, la sivyo utapiga misumari kumi halafu usimame kungoja presha ipande. Mota ya namna hiyo inapowashwa huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikishakolea, kwa hiyo jenereta ndogo ya kilowati 1 haitaiamsha. Hesabu kilowati 3 na kuendelea.

Mwinuko nao una kauli. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe iko juu zaidi. Kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Dar es Salaam. Kompresa inafikia presha ileile, ila inachukua muda mrefu zaidi kujaza tangi. Jenereta ya petroli nayo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Namba zilizoandikwa kwenye boksi ni za pwani, kwa hiyo ukichagua mashine ambayo kwenye karatasi inatosha kwa shida, huku haitatosha.

Bunduki ya gesi ndiyo inayoumizwa zaidi na mwinuko, kwa kuwa inachanganya gesi na hewa ndani ya chumba chake ili ilipuke na kusukuma msumari. Hewa ikiwa nyepesi, mlipuko unapungua nguvu. Ongeza asubuhi ya Juni ya Makete na baridi yake, na kopo la gesi ambalo utalisaka mbali. Kwa mkazi wa huku siipendekezi.

Bunduki ya betri haijali mwinuko kwa kiasi hicho. Betri moja iliyojaa inapiga mamia ya misumari, unaichaji nyumbani usiku, asubuhi unaenda nayo shamba. Ubaya wake ni uzito, bei, na ukweli kwamba betri ikifa baada ya miaka kadhaa, lazima upate ya kampuni ileile.

## Kasi na uchovu

Hesabu mbili zitaonyesha mahali tofauti ilipo.

Chukua uzio wa mabanzi wa mita 30. Nguzo kila mita 2, fito mbili za ulalo, na mabanzi ya upana wa sentimita 15. Utahitaji mabanzi 200, kila banzi misumari minne, jumla misumari 800, ukiongeza ya kufungia fito inakaribia 900. Kwa nyundo ni kazi ya zaidi ya nusu siku kwa mtu mwenye mkono uliozoea. Kwa bunduki ni muda mfupi zaidi. Lakini kuchimba mashimo, kusimika nguzo, kukata mabanzi na kuyanyoosha yasiyofanana kutachukua siku kadhaa, na hapo bunduki haikusaidii hata dakika moja. Tena banzi lina mgongo wa mviringo na magamba, mdomo wa bunduki haulali vizuri juu yake. Kwa uzio mmoja, nyundo na saidia fundi vinatosha.

Sasa chukua dari ya mbao kwenye chumba cha futi 12 kwa 12. Mbao za inchi 4 zitakuwa 36, zikikatiza papi saba. Hizo ni sehemu 252 za kupigilia, na ukiweka misumari miwili kila sehemu ni 504. Idadi ni ndogo kuliko ya uzio, lakini yote unaipiga kichwa kikiwa kimeangalia juu, mkono mmoja umeshikilia mbao, mwingine nyundo, na msumari ungetaka mkono wa tatu. Hapa bunduki ndogo ni nafuu ya kweli. Ina uzito wa kilo moja na nusu hivi, unashikilia mbao kwa mkono mmoja na kupiga kwa mwingine, na mtu mmoja anafanya kazi ya wawili. Jambo jingine, nyundo inatikisa. Kwenye nyumba ya zamani yenye plasta iliyochoka, kugongagonga dari kunadondosha plasta na kufungua nyufa. Bunduki haitikisi.

Bunduki kubwa, kwa upande mwingine, ina kilo 3.5 hadi 4, na za betri zinapita hapo. Ukiibeba juu ya kenchi siku nzima, bega litakuambia. Nyundo ya gramu 500 inachosha kiwiko na kifundo cha mkono, hasa kwa anayeshika mpini karibu na kichwa. Shika mwisho wa mpini, piga kwa kiwiko na uache uzito wa kichwa ufanye kazi, utaona tofauti.

Kitu kimoja ambacho bunduki haina ni hisia. Ukipiga kwa nyundo na msumari ukakosa papi, unajua papo hapo: mlio unabadilika, msumari unaingia bila ukinzani. Mbao ikianza kupasuka unaisikia kabla hujaiona. Bunduki inatoa mlio uleule, imepata au imekosa. Anayetumia bunduki juu ya dari lazima achore mistari ya papi kwanza kwa penseli na uzi.

## Usalama

Nyundo inaumiza, sana sana kidole gumba. Hatari zake kubwa zaidi ni mbili: kichwa kilicholegea kwenye mpini, ambacho wakati wa kiangazi mti ukikauka kinaweza kuchomoka na kuruka, na msumari wa zege unaokatika na kurusha kipande kuelekea jichoni. Kaza kabari ya mpini, vaa miwani.

Bunduki ni hatari ya ngazi nyingine, na ni lazima kuisema bila kupunguza. Nchini Marekani, kati ya 2001 na 2005, watu wapatao 37,000 kila mwaka walitibiwa kwenye vitengo vya dharura kwa majeraha ya bunduki za misumari, na karibu wanne kati ya kila kumi hawakuwa mafundi kazini, walikuwa watu wa kawaida. Sehemu inayoumia zaidi ni mkono na vidole, mara nyingi ule mkono unaoshikilia mbao.

Tofauti kubwa iko kwenye kifyatulio. Bunduki nyingine ukishikilia kifyatulio hupiga msumari kila mdomo wake unapogusa kitu. Nyingine inataka kwanza mdomo ukandamizwe kwenye mbao, ndipo uvute, kisha uachie kabla ya kupiga tena. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wameeleza kuwa ile ya kwanza ina hatari mara mbili ya ile ya pili. Kwa matumizi ya nyumbani nunua ya pili, na usikubali muuzaji akushawishi kwamba ile nyingine ni ya kitaalamu zaidi.

Weka mkono wako mbali na mdomo wa bunduki, sentimita 30 au zaidi, kwa sababu ya kile nilichosema kuhusu vifundo vya mlingoti. Chomoa mpira wa hewa au betri kabla ya kuondoa msumari ulionasa. Vaa miwani na vizibo vya masikio, kwani mlio wake hupita desibeli 100. Usitembee kwenye ngazi kidole kikiwa kwenye kifyatulio. Watoto wasiwe karibu kabisa. Nyundo mtoto anaweza kuichezea akaumia kidogo, hii hapana. Na msumari ukimwingia mtu, msiung'oe pale pale. Mfungeni vizuri, mpelekeni hospitali akiwa nao, na muulizie chanjo ya pepopunda. Shauri la pepopunda ni hilohilo kwa aliyechomwa na msumari wenye kutu wa nyundo.

## Gharama na misumari

Nyundo nzuri unainunua mara moja na inaweza kukuzika. Misumari yake inauzwa kwa kilo katika kila duka la vifaa vya ujenzi, kuanzia Mwanjelwa na Uyole hadi Ipogolo, Tukuyu na vijiji vya ndani. Ukiishiwa saa kumi jioni, mtoto anatumwa na kurudi.

Bunduki, bei yake ni mwanzo tu. Kuna kompresa, mpira wa hewa, mafuta, vizibo vya mpira vinavyochakaa. Halafu kuna misumari, ambayo imeshikanishwa kwa mistari na kila bunduki ina wake: mingine imelala kwa pembe ya nyuzi 21, mingine 28, mingine 34, mingine imeviringwa kama sahani. Ya 21 haiingii kwenye bunduki ya 34. Kwa hiyo geuza mpangilio wa manunuzi: tafuta kwanza duka la mjini kwako lenye misumari, liulize linauza pembe ipi na bei ya boksi, na kama huwa linaishiwa. Kisha nunua bunduki inayoila misumari hiyo. Anayeanza na bunduki anaweza kujikuta anaagiza kila boksi kutoka Kariakoo kwa basi. Misumari midogo ya geji 18 haina usumbufu wa pembe, na hiyo ni sababu nyingine ya bunduki ndogo kumfaa mwenye nyumba kuliko kubwa.

Matengenezo ya nyundo ni mpini. Bunduki ya hewa inataka matone machache ya mafuta kabla ya kazi, isipokuwa kama maelezo yake yanakataza, na tangi la kompresa lifunguliwe chini kila jioni litoe maji. Kwa ukungu na unyevu wa huku maji hayo si haba, na yakiachwa yanakula tangi kwa ndani.

## Kila kimoja kinamfaa nani

Nyundo inamfaa anayefanya kazi za hapa na pale, anayeezeka bati, anayejenga mbali na umeme, na kila anayeanza kujifunza. Inamfaa pia anayetumia mbao za mitumba au mabanzi, ambako misumari hung'olewa na kupigwa upya.

Bunduki inamfaa mwenye kazi ya kurudiarudia: dari za vyumba vingi, makabati, sakafu ya mbao, mtengeneza vitanda, mtengeneza kreti za nyanya kule Ilula. Inamfaa mwenye karakana yenye kompresa tayari ya kupulizia vanishi, maana kwake kilichobaki ni bunduki yenyewe na misumari. Inamfaa pia mtu ambaye kiwiko au bega limeshaharibika kwa miaka ya kugonga.

## Kwa hali yako

Unapaua nyumba Septemba na Oktoba ili mvua za Novemba zikukute umeshaezeka: acha mafundi wako watumie nyundo walizozizoea. Kasi utaipata kwa kuongeza saidia fundi mmoja wa kukata na kupandisha mbao. Kama fundi ana bunduki kubwa na anaijua, aitumie kwenye kufunga kenchi chini, kabla hazijapandishwa, na maungio makubwa ayamalizie kwa misumari minene.

Unaweka dari ya mbao nyumba nzima: bunduki ndogo, ya hewa kama umeme upo, ya betri kama haupo. Ikiwa ni chumba kimoja, usinunue. Uliza karakana za fenicha mtaani, mtafute fundi mwenye mashine yake umlipe kwa siku.

Unajenga banda la nguruwe au uzio wa mabanzi: nyundo, misumari ya zinki, na drili kama nguzo ni za mlingoti mkavu.

Unakarabati nyumba ya kupanga, shelfu hapa, mlango pale: nyundo ya gramu 500, makucha mazuri, na panchi ndogo ya kuzamishia vichwa vya misumari. Ukishaona unapigilia skatingi na kava za milango kila mwezi kwa ajili ya wengine, hapo anza kuulizia geji 18.

Una karakana na oda za makabati zinaongezeka: bunduki ndogo kwanza, tena yenye kifyatulio cha kukandamiza kabla ya kuvuta. Kubwa isubiri mpaka uwe na kazi inayoidai.

Umepata bunduki au kompresa ya mtumba kwa bei nzuri: soma kibandiko chake. Iliyotoka Marekani inaweza kuwa ya volti 120, na umeme wetu wa volti 230 utaiunguza mota ukiichomeka bila transfoma. Angalia tangi kama lina kutu chini, fungua koki uone maji yanayotoka ni ya rangi gani, sikiliza kama hewa inavuja ikiwa imejaa, kisha muuzaji akupe kipande cha paina na misumari kadhaa upige mwenyewe hapo hapo. Kama hana misumari yake ya kujaribia, nawe hutaipata mjini kirahisi.